Jina Lako Kwenye Kila Jani

Nairobi, 3 Februari 2025

Kaka Swaibu,

Asalaam aleikum. Mgongo umepoa? Watoto wazima? Mimi sijambo, alhamdulillah.

Faili la dirisha la madrasa ya Mama hilo hapo. Nimechora jani moja tu, kisha nikaiamuru kompyuta ilizungushe kwenye kitovu mpaka likawa ua zima. Katikati ni jina lake, Mwanawetu. Mpelekee Komakech, fundi wetu wa chuma pale Mengo, akate lilivyo. Jani la kwanza msiliguse, mengine yote yanalifuata hilo. Ramadhani ikiingia nataka wanafunzi wake walikute ukutani.

Mdogo wako,
Zahara

Kampala, 17 Februari 2025

Mdogo wangu Zahara,

Waaleikum salaam. Watoto wazima, mgongo bado. Wewe je, baridi ya huko?

Dirisha limekatwa, ila lina kasoro. Nilimwomba Komakech aandike “Swaibu” kwenye jani moja, kwa chini, padogo. Akaandika kwenye lile la kwanza. Hakutazama tena, nami sikutazama, mashine ikakata. Sasa kila jani lina Swaibu. Shehe alipoliona alicheka mpaka akakaa chini. Faili lako la mwanzo hatunalo tena, tutumie jingine.

Kaka yako,
Swaibu

Nairobi, 18 Februari 2025

Swaibu,

Salamu leo sina. Uzima wangu usiuulize.

Banange, jamani! Mama yuko katikati, wewe umemzunguka pande zote kama picha za wagombea ukutani! Lile jani nililitoa kwenye kitambaa alichotarizi Mama kwa mkono wake. Mimi niliyechora sikuweka jina langu hata nukta, wewe uliyepeleka faili tu ndiye unataka kusomwa? Huna haya wallahi. Faili situmi mpaka useme umekosa.

Zahara

Kampala, 21 Februari 2025

Zahara,

Waaleikum salaam, ingawa hukunisalimu.

Nani alikuwa akimgeuza Mama kitandani? Mgongo uliouulizia niliuumiza nikimbeba kwenda msalani. Nilikupigia simu nikakwambia njoo, hali si nzuri. Ukasema kuna mradi kazini. Wewe ulimuuguza Mama kwa simu! Nilitaka mahali pamoja, padogo, paseme kwamba nilikuwepo. Sikukosa, na radhi siombi.

Swaibu

Nairobi, 22 Februari 2025

Swaibu,

Mama alipofariki mlimzika alasiri ileile. Nilikuwa nimeshafika Busia, mpakani, mkanipigia kwamba kaburi limefukiwa. Hamkuningoja hata kidogo! Nikageuza pale pale, kwa sababu ningekuja kumtazama nani? Wewe? Unadhani nimesahau?

Faili hilo. Kateni. Usiniandikie tena.

Zahara

Kampala, 2 Machi 2025

Mdogo wangu Zahara,

Asalaam aleikum. Ramadhani njema, hata kama umenuna. Umesema nisiandike, naandika.

Dirisha tumelitundika jana. Jina ni la Mama peke yake. Wakaja wale kina mama wa Lubaga aliowasomesha, wakalishikashika, mmoja akalia. Wakauliza nani kachora. Nikawaambia: Zahara, binti yake, yule aliyefika Busia akarudi.

Najua utanichukia. Lakini sikusema uongo, na wakiuliza tena nitajibu vilevile, maana jibu lingine sinalo. Ukitaka waambiwe lingine, njoo uwaambie mwenyewe.

Kaka yako,
Swaibu