Samaki wa Dokta Migombani

Dada Zuhura, shikamoo!

Huku Mwika baridi inagonganisha meno, lakini nacheka tu! Namsaidia Dokta Anna, anayechunguza maisha ya trauti, samaki wa jamii ya samoni, mtoni. Leo alimfunga mmoja kifaa chake pekee cha kumfuatilia, akanituma nikamwachie mtoni. Mdogo wako nikamwachia kwenye mfereji wa kumwagilia, nikidhani ndio mto! Maji yakampeleka migombani kwa Mama Ndekirwa, aliyekuwa zamu ya kumwagilia.

"Mama, funga maji!"

"Zamu yangu haijaisha, baba. Ingia umtafute."

Nilimpata akiwa hai, mimi tope mpaka masikioni. Sasa yuko mtoni. Dokta kaandika daftarini: "Samaki alitembelea migomba."

Mpunga wako Mabogini ustawi. Samaki sikuletei, wa huku wana kazi.

Mdogo wako,
Hamisi