Sindano Kwanza, Mole Baadaye

Kwa mdogo wangu Hermelinda,

Je, yale mafua yamekuachia? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananinunia. Maneno ni yangu, mkono ni wa mkwe wangu Maricela, maana mimi kalamu sikufundishwa kuishika.

Najua umeshasikia. Maricela, na mimba yake, alipimwa zahanati akakutwa na kaswende. Daktari akasema mtoto anaweza kufia tumboni, na mume naye asipotibiwa ugonjwa utarudi. Basi wanawake wenzetu wa rozari, wenye midomo mirefu kuliko sala zao, wakaleta dawa yao: akalie mvuke wa majani ya rozimari na anyamaze, kwani mwanamke mwenye heshima hamdai mumewe kondomu wala maelezo. Walipofika mlangoni wakitoka wakaulizana amemkaribisha nani kitandani. Huyu, ambaye hata sokoni haendi bila mimi! Nawe, Hermelinda, ulinipigia simu kuniuliza hayo hayo.

Mwanangu Rutilio, mumewe, aliyerudi kutoka vibarua vya Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, na buti mpya, akasema yeye ni dume, hadungwi sindano ya malaya. Nilimtazama nikaona jogoo aliyevishwa kofia.

Mwaka huu karamu ya Mtakatifu Andrea ilikuwa juu yake. Kijiji kizima hula mole, ule mchuzi mzito wa pilipili, kwa mwenye karamu, na sufuria husimamiwa na mama yake. Bata mzinga walikuwa wameshanyonyolewa, pilipili zimekaangwa, wapiga tarumbeta wamefika. Nikaketi juu ya jiwe la kusagia, nikatangaza: mole haipikwi mpaka huyu adungwe. Padre akanisihi, Mama Eulalia, watu wana njaa. Nikamwambia basi nao wakapimwe huku wakisubiri. Rutilio akalia kwamba namwaibisha. Nikamjibu aibu aliibeba mwenyewe toka Kaskazini, mimi namtua tu.

Akaenda. Maricela naye amedungwa zake, mtoto anacheza tumboni. Analala kwangu, na buti zile hazivuki kizingiti changu.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike, maana simu yako mumeo Fidencio huitegea sikio. Rutilio alipoiona sindano, woga ulimfungua mdomo. Kwa wanawake wanaouza miili huko Kaskazini hakwenda peke yake. Alipelekwa na mumeo.

Kapimwe, mdogo wangu. Usimwombe ruhusa. Hasira zako njoo unimwagie mimi.

Wanao nawabusu wote, Fidencio simsalimu. Maricela, uliyemsema vile, anauliza akusindikize zahanati siku gani.

Dada yako,
Eulalia