Mama, shangazi na daktari wa Chukwani

"Mizizi ya Mzee Ubwa sinywi."
"Na vidonge vya homoni vya huyo wa Chukwani, wifi, vimeshuka peponi?"

Khairat, hivyo ndivyo nlivyowakuta, mama na shangazi Mwatima, wote wanasema kwa pamoja.

Mama hedhi imekoma, joto linampanda mpaka anajipepea kwa sahani. Miezi minne halali. Leo lazima achague atibiwe na nani.

Mie nkasema daktari wa kweli kwanza atampima presha, amuulize kama kwao kuna saratani ya ziwa.
Shangazi: "Nyamaza, nusu nesi."
Nusu nesi, shoga. Chuo nimeacha mwaka wa pili, hanisamehe mpaka leo.

Basi nkampigia huyo mganga wake, Mzee Ubwa, spika juu, nkaigiza sauti ya mama. Si unanijua. Shangazi anatabasamu, anajua kashashinda.

"Mzee, kabla ya dawa utanipima presha?"
"Nikupime ya nini? Nani anapima?"
"Daktari wa Chukwani. Mwanamke mwenzangu. Anakuuliza maswali nusu saa nzima ndo anakupa homoni."

Mama sahani imemgandia mkononi.

Halafu mzee kashusha sauti, kama ananong'ona:

"Mke wangu ana joto hilo hilo. Dawa zangu zote kashazinywa, na mwaka wa pili huu kanitoa chumbani, feni kabaki nayo yeye. Bibi, nakuomba, hiyo nambari ya daktari nipatie."