Jemadari wa Barasa, Jemadari wa Okiru

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua duka. Nimefagia. Wateja watatu na flashi zao, wote wanataka muvi ya Jemadari, sehemu ya tano. Nne za kwanza alizitafsiri mume wangu, Barasa, akiweka sauti yake ya Kiswahili juu ya picha. Alifariki Januari kabla ya kuianza ya tano. Okiru, mtafsiri mwingine wa Amukura, ndiye ameitafsiri. Nimewanakilia. Sijaisikiliza.

Jumatano, 5 Machi
Wanabishana dukani. Jemadari wa Barasa ni mpole, anaomba radhi kabla ya kupiga mtu. Wa Okiru anajigamba na kutukana. "Huyu si Jemadari!" Nafula, fundi cherehani wa mlango wa pili, amepiga kelele. Dereva wa lori kutoka Uganda anasema kwao, kwenye tafsiri ya Kiganda, Jemadari ni mchekeshaji tu. Wamecheka. Mimi nilikuwa nafuta vumbi.

Ijumaa, 7 Machi
Ubishi umehamia kwenye kundi la wateja la simu. Wanataka nisiuze ya Okiru. Eti ni kumheshimu marehemu. Wengi wao hawakufika Matayos kwa mazishi. Nimesoma yote. Sikuhisi kitu.

Jumamosi, 8 Machi
Okiru amekuja mwenyewe. Amekonda. "Dada, wanasema nimemuua Barasa mara ya pili." Ameomba daftari za marehemu, ajue Jemadari ni mtu wa aina gani. Hakuna daftari. Barasa alikuwa anaketi tu, anaongea.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Nimetazama sehemu ya kwanza ya asili, bila sauti ya Barasa. Lugha siijui. Lakini Jemadari haongei. Midomo imefungwa karibu muvi nzima. Anapiga mtu, anaangalia chini, anaondoka.

Radhi zote zile zilikuwa za Barasa. Hata ile "usinikasirikie, nimeshafika." Hiyo alikuwa ananiambia mimi, mlangoni, kila akichelewa kurudi.

Nimezima. Nimekaa.

Jumanne, 11 Machi
Nimewaonyesha wateja ile ya asili. Kisha Nafula amewaka: "Mama, wewe mke wake ndiye unamwangusha?"

Nimempigia Okiru. Nimemwambia asimwige Barasa, atengeneze wake. Sitaki mwanaume mwingine aniombe radhi kwa maneno yale. Basi.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua tangu asubuhi. Okiru ameleta sehemu ya sita. Jemadari wake ametulia kidogo, lakini ni mtu mwingine kabisa. Nimeisikiliza yote, mpaka mwisho.

Nafula alikuwa amesimama pale akiangalia. Ameniuliza, polepole, yupi ndiye wa kweli.

"Sijui," nimemwambia. "Wangu nilimzika."

Mvua ilikuwa inarusha maji ndani. Ameshika upande mmoja wa meza, mimi mwingine, tumeisogeza.