Siku Nilipovuliwa Taji la Mfuko Mwepesi

Jumapili, jioni. Mvua ya asubuhi imekwisha, matope yake bado.

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na familia (yaani mke wangu, aliyesema "hee, pole" bila kuinua macho kwenye simu), natangaza kwa wakazi wote wa Makindye, Nakasero, Mbuya na viunga vyake kwamba leo alasiri Mfalme wa Mfuko Mwepesi amepinduliwa. Mapinduzi hayakumwaga damu, isipokuwa ile ya nguruwe, ambayo ilikuwepo tangu asubuhi. Mfalme yuko salama nyumbani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, na anawasihi wananchi watulie.

Mfalme ni mimi.

Hiyo ndiyo taarifa rasmi. Ya kweli nitaifikia maji yakipoa.

Kwa aliyepotea njia akaangukia hapa leo: mimi ni Mkenya, mtu wa Bungoma, nimezeekea Kampala, nina duka la mapazia na mahema ya harusi upande wa chini wa Nakasero. Nakodisha mahema yanayofunika ukoo mzima pamoja na mashemeji wao. Na mtu huyohuyo, akishafunga duka, hukaa sakafuni na mkasi akikata lebo za fulana zake ili mzigo upungue uzito wa unyoya. Nimekata mpini wa mswaki, nikabaki na kipande cha kushika kwa vidole viwili. Nimekitoboa kijiko matundu mpaka supu ikagoma kupanda. Begi la mgongoni nimelishona mwenyewe kwa kitambaa cha parashuti. Koti langu la manyoya ya bata nililichimbua kwenye mitumba ya Owino, kwa mama mmoja aliyeniuliza kwa huruma kama nyumbani nina mgonjwa wa malaria.

Tumbo langu, ambalo lina uzito kuliko vyote hivyo nilivyopunguza, sijaligusa. Mke wangu hulikumbuka kila ninapoutoa mkasi.

Tunapanda milima watatu. Wa pili ni Nalongo, mama wa mapacha, mwenye kibanda cha nyama ya nguruwe hapa Makindye. Mwembamba kama ufito, na mlimani anapanda kama moshi. Wa tatu ni Afande Ojok, sajini mstaafu, mtu wa Gulu anayekaa Mbuya. Yeye alifundishwa kubeba mzigo na jeshi, na mpaka leo anaamini kitu chepesi ni kitu ambacho kuna mtu ameshaiba nusu yake.

Kabla ya kila safari tuna desturi yetu. Tunakutana uani kwa Nalongo, penye mizani ya ndoano anayopimia nyama, na kila begi linatundikwa, bila chakula wala maji. Mwenye begi zito kuliko wote anafanyiwa kesi. Begi linafunguliwa mezani, na wale wengine wawili kila mmoja anatoa kitu kimoja. Kikishatoka kimetoka, kinalala stoo ya Nalongo mpaka turudi. Mshtakiwa ana haki ya kujitetea. Hakuna aliyewahi kuachiliwa huru.

Mshtakiwa siku zote ni Afande. Na siku zote, mkono wa mtu ukielekea kwenye birika lake, analikumbatia.

Niliseme birika hilo. Ni la jeshi, la bati nene, limeungua mpaka halina rangi ya kutajwa, na ukiligonga linalia kama kengele ya kanisa maskini. Kwa mtu wa imani yangu, anayepima hata kamba za viatu, birika lile ni kufuru. Nimelitania miaka yote. Nimewahi kumuuliza Afande kama lina kitambulisho cha kupigia kura.

Mwaka jana tulikwenda Elgon. Kambi ya mwisho kabla ya kilele, goti la Afande likavimba kama embe. Akatuambia tuendelee, kwa sauti ambayo hujibu kitu, unatii. Mimi na Nalongo tukafika kileleni Wagagai, tukapiga picha zetu, tukatetemeka, tukashuka. Tukamkuta amekaa juu ya jiwe, mguu ameunyoosha, na birika linachemka. Alitumiminia chai kwanza, ndipo akauliza kama tumefika. Lakini njia nzima ya kurudi Mbale aliutazama mlima kwenye kioo cha pembeni cha gari, mpaka ukaisha.

Mwaka huu anautaka tena. Daktari wake amesema sawa, ila mzigo usizidi kilo nane. Tukamshauri akodi mpagazi kule Budadiri, njia ya mlima inapoanzia, kama watu wengine wenye akili. Ungedhani tumemtukania mama.

"Mimi? Nibebewe? Mtu akibeba mfuko yangu, abebe na jina yangu pia."

Basi Nalongo, ambaye hamwogopi mtu, akakata shauri. Mizani ya leo ni moja na ya mwisho. Ikizidi nane, Afande anabaki Kampala. Afande akasema ndiyo, na yeye akisema ndiyo haigeuki.

Kwa hiyo leo haukuwa mchezo. Sote tulijua, ndiyo maana tulitania kuliko kawaida.

Nilifika mapema na mabegi mawili garini, langu na la Afande. Lake alikuwa ameliacha dukani kwangu jana, kwa sababu leo alitoka kanisani moja kwa moja na mkewe hataki mambo ya mabegi ibadani. Akashuka kwenye bodaboda na suti yake ya kijivu na tai, matope mekundu hadi kwenye pindo la suruali. Akasimama mbele ya mizani kama yuko gwaride. Juu ya paa la mabati kalooli wawili, wale korongo wenye vipara, walikuwa wamekaa wakisubiri utumbo.

Nalongo akalitundika la kwake kwanza. Hakuna aliyeangalia.

Kisha la Afande. Mshale ukaruka, ukayumba, ukatulia. Saba na kidogo.

"Afande!" Nalongo akainama mpaka pua ikagusa kioo cha mizani. "Saba! Umetoa nini, ssebo? Umetoa roho?"

Afande hakucheka. Aliutazama mshale. Akalishusha begi, akalinyanyua kwa mkono mmoja, akalishusha tena. Kisha akanitazama mimi.

Mimi nilikuwa nawatazama kalooli. Ni ndege wanaostahili kutazamwa.

"Nimepanga vizuri," akasema hatimaye.

Nalongo akapiga kigelegele kilichowafanya wateja kule mbele watoe vichwa, akamkumbatia na aproni yake ya damu, suti na tai vyote. Afande alisimama wima akikumbatiwa, mikono pembeni. Ila nilimwona akipepesa macho, mara mbili tatu, kama mtu aliyeingiwa na moshi. Jiko lilikuwa upande wa pili.

Kisha likaja langu.

Mshale ulipita sita, nyumbani kwangu. Ukapita saba. Ukapita nane bila kupiga hodi. Ukasimama tisa na ushee.

"Banange!" Nalongo akashika kiuno. "Mkenya, umebeba duka?"

"Mizani imelowa mvua," nikasema.

"Mizani ilikuwa mzuri dakika moja iliyopita. Mfalme ameshiba, huyo! Leta mezani, leta!"

Kesi yangu ya kwanza katika maisha. Nalongo alianza. Akazamisha mkono akaibuka na kimto kidogo cha kulalia nilichokishona kwa vipande vya satini vilivyobaki kwenye hema la bibi harusi, chenye marinda pembeni. Sikuwa nimepata muda wa kutoa marinda. Alikizungusha hewani ili hata wapita njia waone.

"Bwana harusi anapanda Elgon! Kale, haya, twende na matarumbeta!"

Nikajitetea kwamba shingo yangu ina matatizo. Mahakama haikujali shingo.

Ikawa zamu ya Afande. Akavua koti la suti, akalitundika kwenye msumari, akakunja mkono wa shati taratibu kama daktari wa ng'ombe, akauingiza begini. Ukaenda hadi kiwiko. Ukapita kiwiko.

Ukasimama.

Nilijua vidole vyake viko wapi. Nikahesabu mapigo ya moyo wangu, nikapotea njiani. Uso wa Afande ulikuwa karibu na wangu, na sijatazamwa vile tangu siku niliyopeleka mahari. Wala haukuwa uso wa hasira. Sijui ulikuwa wa nini.

Mkono ukaanza kupapasa tena. Ukapanda juu, ukachepukia mfuko wa pembeni, ukatoka umeshika mswaki wangu. Kile kipande cha mswaki, kisichofika urefu wa kidole.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo mzito."

Nalongo alicheka akashikilia nguzo. "Afande, umemhurumia! Begi bado iko tisa!"

"Sikumhurumia. Siku zote za mlima bila mswaki? Atateseka. Na wewe utalala karibu na yeye kwa hema."

Hukumu ikapita hivyo. Tukala nyama na muhogo, tukapanga gari la Mbale, tukabishana kama twende na hema moja au mawili. Taji langu la mfuko mwepesi, ambalo ni kifuniko cha sufuria, Nalongo akamvisha Afande kichwani, tai ikiwa bado shingoni, na akakaa nalo hadi mwisho bila kutabasamu. Alipokuwa akipanda bodaboda kurudi Mbuya alinivuta mkono pembeni.

"Mkenya. Hiyo mfuko yako. Usitupe chini. Weka polepole."

Hiyo tu.

Maji yamepoa sasa.

Kilichotokea hasa ni hiki. Jana nilipofunga duka nililitundika begi la Afande kwenye mizani yangu ya marobota ya vitambaa. Sikutumwa na mtu. Lilikuwa karibu na kumi. Nikalifungua, jambo ambalo halifanywi kwa begi la mtu mzima, tena askari. Buti za akiba, hazimo. Blanketi la jeshi, halimo. Nyama ya mkebe, panga, redio, turubai zito lenye macho ya chuma, vyote alikuwa ameviacha nyumbani. Alikuwa ametoa kila kitu ambacho mtu anaweza kutoa akabaki yeye. Lilibaki birika. Alikuwa amelifunga kwa taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Nadhani alijua begi limezidi. Nadhani birika alilipakia hivyohivyo, liende likahukumiwe naye pamoja.

Nikalitoa. Nikalizungushia sweta langu na kulilaza chini kabisa ya begi langu la parashuti. Mdomo wake haukubali kuzungushiwa kitu, ndio huo uliokutana na vidole vya Afande leo.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilifanya hivyo kwa wema. Mngenipenda, nami ningejipenda. Lakini wema ungempigia simu na kumwambia, Afande, birika nitabeba mimi. Sikuthubutu. Niliogopa lile neno lake kuhusu jina.

Na tena kuna hili, ambalo sijamwambia hata mke wangu. Mwaka jana pale kileleni sikuona kitu. Ukungu, upepo, kibao, na Nalongo akiniambia nitabasamu. Nilichokuwa nikikitaka ni kushuka nikanywe ile chai. Na njia yote ya juu, tangu kambi ya mwisho, nilikuwa nageuka nyuma kila mara nikijiuliza kimepungua nini. Zilikuwa zimepungua buti zake. Siku zote Afande hutembea nyuma yangu, na mimi husikia zile buti, na kwa sababu nazisikia nadhani mimi ni mpanda milima. Bila zile buti mimi ni muuza mapazia aliye mbali na nyumbani.

Kwa hiyo sikumsaidia Afande. Nilijichukulia mtu wangu.

Ninaandika haya bila wasiwasi kwa kuwa Afande hasomi kitu chochote kwenye simu isipokuwa jina la anayempigia, na Nalongo anasema Kiswahili changu cha kuandika ni cha kutangazia vifo redioni.

Nilidhani nimemaliza hapo. Lakini sasa hivi simu imelia, ujumbe wa Nalongo:

"Mkenya, majani ya chai na sukari nabeba mimi. Wewe uko na ya kutosha."

Nimeusoma mara kadhaa. Kumbe uani pale aliyekuwa hajui ni mizani peke yake.

Mke wangu ameinua macho kwenye simu, mara ya kwanza leo, anauliza ninacheka nini peke yangu miguu ikiwa kwenye maji baridi. Begi liko mlangoni. Nililiweka polepole, kama nilivyoamriwa. Kesho asubuhi nitalipandisha kilima cha Makindye, zima zima na birika lake, nianze kuizoea ile kengele mgongoni.