Nilipima Shimo Baba Angali Hai

Shangazi Hafidha, shikamoo. Mimi ni Joakim, mzaliwa wa Maguu, nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu kwetu wameshanihukumu.

Nasoma shahada ya pili mbali na nyumbani, na kazi yangu ni kupima mashimo meusi, yaani yale yaliyo katikati ya galaksi, ambayo hayaonekani kwa kuwa hata mwanga ukiingia hautoki, basi sisi tunatazama nyota zilizorundikana pale katikati, zikienda mbio sana tunajua shimo ni zito, zikienda polepole tunajua ni jepesi, na ajabu yake ni kwamba uzito wa shimo unafuatana na uzito wa rundo lile la nyota, kiasi cha moja kwa elfu hivi, kana kwamba vimekua pamoja, na hadi leo wataalamu wanabishana kipi kilikuza kingine. Marehemu baba, mzee Othmar, nilipomweleza alicheka, akasema mashimo hata sisi tunayo, ngolo zetu za kupandia maharage zimejaa mlima mzima na hakuna aliyekwenda chuo kuzisomea, lakini kwa majirani alijivuna kwamba mwanawe anapima mashimo, nami sikumsahihisha maana kwa Kimatengo sikuwa na neno jingine.

Mwezi wa pili alinipigia akasema kifua kinambana, njoo, nikamjibu, "Baba, nimeshapima shimo, imebaki kuandika tu, nikimaliza nakuja," na simu ilikuwa kwenye spika, mama na baba mdogo Pankras wakasikia, na siku ya tisa baba akafariki. Shangazi, unajua kwetu anayepima shimo ni mchimba kaburi, na hampimii mtu angali anapumua. Siku ya mazishi, kabla jeneza halijatoka, baba mdogo alisimama mbele ya ukoo akasema, "Huyu alimpimia kaka yangu shimo angali anakula ugali," na hakuna aliyenitetea, hata dada yangu Devotha aliinamisha kichwa, wakaninyima kutupa udongo kaburini. Mama hakusema nami siku tatu, ya nne tukiwa tunakula akaniuliza, "Hilo shimo lako lilikuwa na ukubwa gani?" nami nikadhani hatimaye anataka kuelewa, nikamwambia lina uzito wa majua milioni arobaini, akaacha sahani akatoka nje. Sasa misa ya arobaini inakaribia, baba mdogo amenitumia ujumbe nisikanyage pale, na kuandika nimeshindwa hata ukurasa mmoja. Je, niache masomo, au nimpelekee mama picha za galaksi kwenye kompyuta nimweleze taratibu hadi aelewe?

Joakim wa Maguu

*

Joakim mwanangu, marahaba, na pole kwa msiba. Nimekusoma hadi mwisho, sasa na wewe vumilia.

Hukumuua baba yako. Maneno ya kwenye simu hayambani mtu kifua, na Pankras anajua hivyo, ila aliyefiwa na kaka hutafuta wa kumtwisha. Usimpigie magoti kwa kosa ambalo hukulifanya. Na masomo usiache, maana ukiacha utakuwa umekiri uchawi mbele ya ukoo mzima.

Lakini acha kujificha nyuma ya nyota. Barua yako imejaa galaksi, na baba kukuita kumepata mstari mmoja. Umenifundisha mwenyewe kwamba kisichoonekana mnakijua kwa mwendo wa vilivyo karibu nacho. Haya, mtazame mama. Mjane aliyenyamaza siku tatu, kisha akauliza ukubwa wa shimo, unadhani alitaka hesabu? Alitaka kujua ni kitu gani kikubwa hivyo hata kikuzuie usije kumwona baba yako. Na wewe msomi ukamtajia majua. Nimeona aibu kwa niaba yako.

Kompyuta iache chuoni. Nenda kabla ya arobaini, si siku yenyewe, usije ukagombana na ukoo mbele ya padri. Mwezi huu wenzako wanachimba ngolo, na kwenu mwanaume ndiye hufyeka majani na kuyapanga ili mwanamke ayafukie. Kwa mama yako nani amefyeka mwaka huu? Basi fyeka wewe. Pankras akipiga kelele, mpe shikamoo yake upite. Siku ya pili au ya tatu, mkiwa wawili tu shambani, mwambie, "Mama, baba aliniita, nilisikia, sikuja." Usiongeze "lakini", maana likishaingia hilo utakuwa umerudi kwenye nyota zako. Kisha nyamaza.

Huenda asikujibu. Huenda asikusamehe kabisa, hilo sikufichi. Ila atakuwa amelisikia kutoka kinywani mwako, si kwenye spika ya simu.

Baba yako alikufa akitazama njia. Mama yako, hadi ninapoandika haya, yu hai. Panda gari Jumatatu.