Santuri Zako Zimefika Kinoru

Baba,

Ulizikwa kwa muziki wa kinanda cha betri. Naanza na hilo kwa sababu najua lingekuuma kuliko kifo chenyewe. Kijana wa kanisa alibonyeza kitufe, ngoma zikajipiga zenyewe, yeye akabaki kuweka kidole kimoja hapa, kingine pale, huku akitazama simu. Nilikusikia kabisa ukisema ulivyozoea: "Huyu hapigi kinanda, anakipapasa kama mnunuzi wa parachichi." Nikacheka kando ya kaburi lako. Shangazi akadhani nalia, akanishika bega.

Sasa nikwambie ya santuri.

Wiki chache baada ya mazishi, Njeru alikuja nyumbani Kanja na pikapu. Mwanao huyo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusikiliza upande mmoja wa santuri mpaka mwisho. Alimwambia Mama kwamba anafungua hoteli Kinoru, kule Meru, karibu na uwanja, na anataka "kuenzi urithi wa Mzee". Akapakia zote, zile ulizonunua minadani wageni wa misheni walipokuwa wakirudi kwao, zile ulizokuwa ukizifuta kama mtu anayeogesha mtoto mchanga. Na mashine ya kuzipigia pia. Mama hakupinga. Alisema tu, "Afadhali nitapata mahali pa kuweka mahindi." Unamjua. Muziki wako wa piano aliuita kelele za vijiko, na kila Jumapili ukishusha sindano, yeye alikuwa anakwenda jikoni na kufunga mlango.

Mimi nilikuwa kazini Meru. Habari nilizipata kwa mwaliko uliotumwa kwenye simu: Jioni ya Piano, kwa kumbukumbu ya Mzee wetu mpenda sanaa. Mpenda sanaa! Walewale waliokuita Mzungu wa Kanja ukishawapa kisogo.

Nilikwenda. Nilimpokea Mama kituoni, tukaingia pamoja. Baba, nusu ya santuri zako zimetobolewa kwa misumari na kutundikwa ukutani. Moja imepakwa rangi ya dhahabu. Nilitaka kumzaba Njeru kofi mbele ya wageni wake. Na wageni wenyewe! Mawakili, wenye maduka makubwa, na mheshimiwa mmoja aliyefika amechelewa akauliza kama kuna mbuzi. Wote wamevaa kama watu wanaokwenda kuposa.

Njeru akashika kipaza sauti. Akasema wewe na yeye mlikuwa mkikaa jioni kusikiliza "magwiji wa dunia". Hata jasho halikumtoka. Kisha akaweka santuri ya Mzee wa Mvua.

Ni wewe uliyempa mpiga piano huyo jina hilo, kwa sababu alivyopiga kile kipande cha polepole ilikuwa kama mvua inayoanza kwenye mabati: tone, halafu tone, halafu huna hakika kama ni tone au ni moyo wako. Nilikuwa darasa la tatu. Ulinikalisha juu ya gunia la kahawa ukaniambia, "Wawira, usiseme kitu. Ngoja aamue." Mpaka leo sijui alikuwa anaamua nini, lakini nilingoja.

Njeru hakujua kwamba mashine ina kasi mbili. Swichi ilikuwa kwenye ile ya haraka. Mzee wa Mvua akatoka mbio kama kuku aliyemwona mwewe, sauti nyembamba, ya kuchekesha. Nikangoja mtu acheke, au hata akunje uso. Wapi! Wakaanza kutikisa vichwa. Wakili mmoja akasema, "Ona vidole! Ona spidi!" Mheshimiwa akapiga makofi kabla kipande hakijaisha, na ukumbi wote ukamfuata, wengine wakisimama. Njeru akainama, kama aliyepiga ni yeye.

Sijawahi kudharau watu kama nilivyowadharau wale. Niliamua kunyamaza. Waache wapige makofi, nikajisemea, ni saizi yao.

Ndipo Mama akainuka. Nilidhani anatafuta choo. Akapita katikati ya meza na mkongojo wake mpaka kwenye mashine.

"Njeru, punguza hii kitu. Huyu si wa baba yako. Wa baba yako hana haraka."

"Mama, keti. Hii ni muziki ya watu wamesoma."

Mama hakuketi. Akamwambia kwa Kiembu, bila kupandisha sauti, kwamba amemsikia mtu huyo kupitia ukuta wa jikoni tangu kabla Njeru hajazaliwa, na anajua hata mahali anapovuta pumzi. Halafu hakuona swichi iko wapi. Akabaki amenyoosha mkono. Nilikwenda nikaigeuza mimi.

Mvua ikaanza. Wengi wakarudi kwenye nyama. Mheshimiwa akauliza kama stima imepungua nguvu. Siongezi chumvi, Baba. Lakini Mama alibaki amesimama, macho ameyafumba. Ilipofika mahali fulani akavuta pumzi, na ndani ya santuri, yule mzee akavuta pamoja naye.

Pumzi hiyo sikuwahi kuisikia. Mimi, niliyekaa miguuni pako Jumapili zote hizo.

Wewe ulijua? Mmoja sebuleni, mwingine jikoni, mnasikiliza kitu kimoja, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Nakuheshimu, wewe ni baba yangu. Lakini ukuta ule naudharau kuliko hoteli nzima ya Njeru, na misumari yake yote.

Santuri zilizosalimika tulizibeba usiku huohuo. Njeru hakubisha, alikuwa na haraka ya kumrudisha mheshimiwa kwenye meza. Mashine sasa iko jikoni kwa Mama, mbali kidogo na moshi. Kila mwisho wa mwezi nitapanda Kanja, nitaketi naye pale, na sitamfundisha kitu. Hilo nakuahidi. Wale wa Kinoru sitawasamehe, usije ukanibembeleza ndotoni.

Pumzika, Baba. Mama amenituma nikwambie jambo moja tu: kwamba miaka yote ile ulikuwa ukiweka sauti chini mno.

Binti yako,
Wawira